Darasa Lisilonyamaza: Mafunzo Niliyopata Mbeya na Iringa

Chuo kikuu cha kwanza nchini kwetu kilifungua milango Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kwa idadi ile mwalimu hakuwa na haja ya mbinu za kuamsha darasa: anayesinzia anaonekana, na asiyeelewa anajulikana kwa jina. Leo mhadhiri kijana akipangiwa somo la mwaka wa kwanza huku Nyanda za Juu Kusini, anakuta ukumbi una mamia ya watu, wengine wamekaa kwenye ngazi, wengine wamesimama dirishani, na kipaza sauti kina betri iliyochoka.

Vyuo vimejaa. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichotokana na chuo cha ufundi. Ina TEKU ya Wamoraviani, ina kampasi ya Mzumbe, ina vingine. Iringa ina Mkwawa, chuo kishiriki cha Dar es Salaam tangu 2005, ina Chuo Kikuu cha Iringa kilichoanzishwa na Walutheri, ina Ruaha ya Wakatoliki. Mimi nafundisha takwimu, somo ambalo wanafunzi wengi hulichukua kwa sababu limewekwa kwenye ratiba na hawana pa kukimbilia. Nimelifundisha katika miji yote miwili, kwa ajira na kwa mikataba ya muda. Vyuo vyenyewe sitavitaja, maana mengine nitakayosema hayatampendeza mkuu wa idara yeyote.

Jambo moja tu niliseme kabla ya kuyahesabu mafunzo yenyewe. Wengi wetu tulipata kazi hii kwa sababu ya GPA. Kwenye usaili tuliulizwa tumeandika nini na tunataka kutafiti nini. Kama tunajua kufundisha, hilo halikumshughulisha mtu.

1. Kimya hakimaanishi wameelewa

"Kuna swali?" Kimya. "Tuko pamoja?" "Ndiyooo!" Mhadhiri anageuza slaidi, anaendelea. Kila aliyepita chuo cha Tanzania anaijua hii.

Wanafunzi wetu wengi wametoka nyumba ambazo mtoto hamhoji mkubwa mbele za watu. Iringa kijana atakusalimia "Kamwene" huku ameinama kidogo. Ukimwambia akubishie mbele ya wenzake mia tatu unamtaka avunje kitu alicholelewa nacho. Na kuna hofu nyingine, ya wenzake. Anayeuliza sana anaitwa kimbelembele. Anayeuliza swali jepesi anachekwa mpaka hosteli. Kunyamaza ndiko salama.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja, halafu wanajijibu wenyewe au wanamrukia mwanafunzi mwingine. Wakisubiri sekunde tatu tu, majibu yanarefuka na watu wasiosema kamwe wanaanza kusema. Sekunde tatu mbele ya ukumbi mzima ni ndefu kuliko unavyodhani. Mimi nimejifunza kuzijaza kwa kufuta ubao, polepole, hata ukiwa msafi.

Kwa umati mkubwa hiyo peke yake haitoshi. Hapo nimeazima kwa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligundua kwamba wanafunzi wake hodari wa kukokotoa walikuwa wanakwama kwenye maswali mepesi yanayotaka kuelewa. Akaanza kuwapa swali, kila mmoja anachagua jibu kimyakimya, kisha anamgeukia jirani yake wabishane, kisha wanachagua tena. Wenzetu wanapiga kura kwa vifaa vya kielektroniki. Sisi tuna vidole: jibu la kwanza kidole kimoja, la nne vidole vinne, na mkono unashikwa kifuani ili jirani wa nyuma asidese. Umeme ukikatika, somo haliguswi.

Ajabu ni kelele zake. Mlinzi wa jengo aliwahi kuchungulia mlangoni akidhani mhadhiri hajafika.

Mwisho wa kipindi nakusanya vikaratasi visivyo na majina: andika kitu kimoja ambacho hujakielewa. Katika muhula mmoja, baada ya wiki kadhaa za kujumlisha namba kwa alama ya sigma, kikaratasi kimoja kiliuliza, "Dokta, hiyo alama inayofanana na E ni nini?" Nilikisoma kwa sauti, nikaeleza. Nyuso zilizopata nafuu zilikuwa nyingi, na zilikuwa za mistari ya mbele pia.

2. Gunia kwanza, fomula baadaye

Ukiingia na fomula ya wastani siku ya kwanza, nusu ya ukumbi inakuaga papo hapo ingawa miili imebaki kwenye viti. Kwa hiyo Mbeya huanza kwa kuandika swali moja ubaoni: gunia la viazi soko la Mwanjelwa lina kilo ngapi?

Hapo kila mtu ana jibu. Kanuni za vipimo zinajulikana: mazao ya shamba yasifungashwe kupita kilo 100. Mtoto wa mjini anasema mia moja bila kufikiri. Kisha anainuka binti wa Isyonje, kule njia ya Tukuyu ambako viazi ndivyo vinavyolipa ada, anacheka kabla hajasema. "Dokta, hiyo mia ni ya kwenye redio." Ukumbi mzima unaangua kicheko. Anaeleza lumbesa inavyofungwa: gunia linajazwa hadi mdomoni, linatikiswa likae, linajazwa tena, kisha linaongezewa kichwa juu, viazi juu ya viazi, kinazungushiwa kamba na kushonewa. Wanaume wawili wanalinyanyua kwa shida. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Binti anakadiria kilo 130. Kijana wa Umalila anasema amewahi kuona ya 150. Mwingine, ambaye baba yake ni dalali, anabisha kwa hasira kwamba siku hizi watu wanafuata kipimo. Mimi sibishani na yeyote, naandika namba tu, ubao unajaa.

Ubao ukijaa nauliza: nani mkweli? Kunakuwa na mabishano, halafu mtu mmoja, na karibu kila mwaka hujitokeza, anasema wote wanaweza kuwa wakweli kwa sababu magunia hayafanani. Sasa tumefika. Kama magunia hayafanani, namba moja haitoshi kuyaeleza. Tunataka namba ya kutuambia katikati ni wapi, na namba ya pili ya kutuambia vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka hapo katikati. Fomula ikiandikwa wakati huo inakuja kujibu swali walilouliza wao. Wanainakili kwa haraka, kana kwamba nitaifuta.

Nalisukuma mbele kidogo. Mkulima anaumizwa na ipi kati ya hizo mbili? Wengi hukimbilia wastani: gunia likizidi kilo 30, kilo 30 zimeondoka bure. Kisha mtu anasema utawanyiko unaumiza zaidi, maana ungejua gunia lako daima ni 130 ungepanga bei ya 130. Usipojua, dalali ndiye anayejua, na anayejua ndiye anayepanga bei. Sijawahi kufundisha jambo hilo. Limefundishwa kutoka viti vya nyuma, na lilikuja kwa Kiswahili cha sokoni kilichonyooka kuliko maelezo ya kitabu chochote nilicho nacho.

Kundi moja liliomba kwenda kupima kweli. Wakaazima mizani, wakashinda sokoni asubuhi nzima, wakarudi na karatasi ya vipimo na sura za ushindi. Nikawauliza wangapi walikataa kupimiwa. Walikuwa wengi, na wapimaji hawakuwa wamewaandika. Wakatazamana. "Sasa Dokta," mmoja akasema, "waliokataa ndio tuliokuwa tunawatafuta." Mada ya sampuli inayopendelea upande mmoja, ambayo kwenye silabasi imetengewa vipindi viwili, ilikwisha kwa sentensi hiyo.

Mfano nao una kwao. Iringa gunia la viazi halichomi kama Mbeya. Huko natumia matenga ya nyanya za Ilula, kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro, ambako tenga la juu ni zuri na la chini lina mambo yake. Mwanafunzi wa Mafinga atakwambia habari za miti ya Sao Hill: shamba lilelile, mwaka uleule wa kupanda, unene tofauti. Mhadhiri mgeni anaweza kupata mifano hii yote kwa kunywa chai sokoni na kusikiliza. Haihitaji bajeti ya idara, wala fomu ya kuomba gari.

3. Swali la kijana wa Mkwawa

Wanafunzi wa Iringa huwa nawasimulia habari za Erasto Mpemba, na kila mara nashangaa ni wangapi hawajawahi kuisikia, hata wanaopita kila siku katika viwanja vilevile alivyopita yeye.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ndogo, naye akaogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Akaja Mkwawa, Iringa, wakati huo ikiwa sekondari ya juu. Walipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haihusiani na ile ya dunia nzima. Tangu siku hiyo darasa likapata utani: akikosea hesabu, ni hesabu za Mpemba. Yeye akaingia maabara ya baiolojia ilipokuwa wazi, akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja maji ya bomba, kingine ya moto, akapima mwenyewe.

Kisha ukaja ugeni. Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifika Mkwawa kutoa mhadhara. Muda wa maswali ulipofika Mpemba akainuka: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, kwa nini ya moto yanatangulia kuganda? Wenzake wakaona aibu.

Alichofanya Osborne hapo ndicho ninachotaka wahadhiri wenzangu wakitazame. Alimwomba arudie swali. Alimuuliza kama ni kweli amelijaribu mwenyewe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliahidi kulipima akirudi Dar es Salaam, na akatimiza. Fundi wake wa maabara alileta majibu kwamba kweli ya moto yametangulia, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. (Wanafunzi wa takwimu hucheka sana hapo, ni mfano mzuri wa upendeleo kuliko ninaoweza kutunga.) Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la *Physics Education*, majina mawili juu, la mwanafunzi na la mhadhiri. Dunia nzima sasa inaliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Wanasayansi bado wanabishana. Wapo wanaosema ni uvukizi, wapo wanaosema ni namna maji yanavyozunguka ndani ya chombo, na wapo waliopima kwa makini wakasema huenda athari yenyewe ni ya kipimo. Kwangu hiyo ndiyo bora zaidi, maana swali linabaki mbichi. Tulilirudia na kundi la wanafunzi kwenye friza la duka la jirani linalouza barafu za ukwaju. Matokeo yalichanganyika, mara ya moto, mara ya baridi, na mwenye duka akatuuliza tutalipa umeme wa nani. Tukapata mjadala mzito wa mara ngapi jaribio lirudiwe kabla mtu hajafungua mdomo.

Tangu hapo nina utaratibu mdogo. Swali nisiloweza kulijibu linaandikwa pembeni mwa ubao kwa jina la aliyeliuliza, na halifutwi hadi lijibiwe, na mimi au na yeyote. Kuna maswali yamekaa pembeni muhula mzima. Moja lilifika kwenye mtihani, likiwa bado na jina la mwenyewe, na inasemekana mwenyewe alilikosa.

4. Kufikiri kwa Kiswahili, kuandika kwa Kiingereza

Hili linajulikana, lakini kwenye vikao tunalizunguka. Mwanafunzi wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza amegeuziwa lugha, na chuoni kila kitu rasmi ni Kiingereza. Nenda jioni kwenye vimbweta, zile meza za kujisomea nje, sikiliza vikundi vya majadiliano: wanabishana kwa Kiswahili, maneno ya somo yametiwa humo kwa Kiingereza kama yalivyo. Masomo yao ya kweli yanafanyika pale. Ukumbini wanakuja kunakili.

Mimi nimekileta kimbweta ukumbini. Mabishano ni kwa Kiswahili, bila kuomba radhi. Dakika kumi za mwisho kila mtu anaandika sentensi tatu za Kiingereza: tumeuliza nini, tumepata nini, kwa nini. Nachukua chache, tunazirekebisha ubaoni, bila jina. Mtihani unakuja kwa Kiingereza na sitawadanganya kwamba utakuja kwa lugha nyingine.

Kuna wenzangu wanaona huku ni kushusha kiwango. Nawaelewa. Lakini nimemsikia kijana ambaye kwa Kiingereza hakuwahi kutoa zaidi ya "Yes, sir" akimtetea mkulima wa Isyonje kama wakili wa Mahakama Kuu. Kama kiwango ni kufikiri, kiwango kilikuwa pale.

5. Abiria wa kikundi

Kazi za vikundi zinasifiwa kwenye kila semina ya ufundishaji, na kila mwanafunzi anajua zinavyofanyika. Kikundi kina watu kumi. Wawili wanaandika. Mmoja anachapa. Wengine majina yao yanaingia kwenye kava kwa sababu wamechangia hela ya kuprinti. Aliyekosa hela ya kuprinti ndiye anayeachwa nje, hata kama alisoma.

Dawa ninayoiamini ni vikundi vya watu wanne, na utetezi wa mdomo. Siku ya kuwasilisha nachota karatasi yenye namba, mwenye namba inayotoka ndiye anayesimama, na alama zake ni za wote. Wiki inayotangulia utawaona usiku wanafundishana kwa wasiwasi, yule hodari akimkazania yule mvivu kuliko mimi nilivyowahi kumkazania. Aliyesoma kwa ajili ya kumwelewesha mwenzake huwa hasahau. Na yule mvivu, bila kupenda, anasoma.

Kuna ubaya wake. Mwanafunzi mwenye kigugumizi, au mwenye woga uliopita kiasi, anaumia bure. Hao huwa naongea nao pembeni mapema, na CR, mwakilishi wa darasa, huwa anawajua kabla yangu.

6. Madesa na usiku wa mwisho

Kwa kawaida kwetu alama 40 ni za kazi za muhula na 60 ni za mtihani wa mwisho. Mwanafunzi mwerevu anapiga hesabu: afanye vya kutosha kwenye ile 40, kisha wiki ya UE, huo mtihani wa mwisho, atafute madesa, apige msuli usiku kucha, amwage alichokariri, aende zake likizo. Wengi wanafaulu kwa njia hiyo. Muulize baada ya mwezi, hana kitu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwagawa wanafunzi: wengine walisoma habari fulani tena na tena, wengine walisoma kisha wakajipima kwa kuikumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena na tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Dakika tano ni UE, wiki moja ni maisha.

Kwa hiyo kila Jumatatu mlango ukishafungwa kuna maswali matatu, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la tangu mwanzo. Hayana alama, au yana chache mno. Wanasahihishana. Mwanzoni walinung'unika kwamba "testi" isiyo na alama ni adhabu. Baadaye waliochelewa wakawa wanagonga mlango.

7. Juni na Julai

Muhula wa pili unaishia katikati ya baridi, na baridi ya Mbeya au upepo wa Iringa si mzaha kwa mtoto wa Lindi au Tanga aliyepangiwa huku. Kipindi cha saa moja asubuhi ni makoti, kofia za sufu na mikono mifukoni. Usitegemee vidole kifuani. Na kama bumu, yaani fedha za mkopo, limechelewa, nusu yao hawajala. Nachunguza hilo kwa CR kabla ya kupanga siku ya kazi nzito. Hakuna mbinu ya kufundishia inayoshinda tumbo tupu.

8. Usitegemee kushangiliwa, na jiandae kwa silabasi

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mhadhara mtupu, uwezekano wa mwanafunzi kufeli ulikuwa mara moja na nusu ya ule wa madarasa ambayo wanafunzi wanashiriki. Ungedhani baada ya hapo kila mtu angebadilika. Lakini mwaka 2019 utafiti mwingine, wa madarasa ya fizikia Harvard, ulionyesha jambo la kuudhi: wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi, ila wenyewe waliona wamejifunza kidogo. Mhadhara mtamu unampa msikilizaji hisia kwamba kaelewa. Kubishana na jirani kunamwonyesha asichokijua, na hakuna anayependa kuonyeshwa hilo saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo kwenye fomu za tathmini mwisho wa muhula utaandikwa. Mimi nimeandikwa kwamba sifundishi, nawaachia wanafunzi wafundishane. Nimeandikwa kwamba napenda sana habari za viazi. Sasa siku ya kwanza nawaeleza wazi huo utafiti wa 2019, nawaambia mtaona kama hamjifunzi, nasi tutapima kama ni kweli. Malalamiko hayakuisha; yamepungua.

Mwenzangu anayefundisha somo hilohilo Iringa hana shida hiyo. Ana sauti nzuri, slaidi safi, anamaliza silabasi yote mada kwa mada, na wanafunzi wanampenda. Mimi kila mwaka kuna mada mbili au tatu nawaachia wasome wenyewe, kwa sababu gunia lilichukua muda. Tukikutana njiani Makambako, yeye akishuka, mimi nikipanda, mabishano ni yaleyale. "Wako wanajua gunia," huniambia, "wangu wanajua silabasi. Hizo mada unazoziruka atazifundisha nani?" Swali ni la haki. Anayeajiriwa benki au ofisi ya takwimu haulizwi gunia la Mwanjelwa. Nami humuuliza wake wangapi wanaweza kueleza, miezi sita baada ya UE, sampuli iliyopendelea ni kitu gani. Naye hujibu kwamba hajawahi kuwauliza, na mimi pia, kwa zile mada nilizoruka, sijawahi.

Mara ya mwisho tuliacha kubishana tukafanya mapatano. Muhula ujao, wanafunzi wakirudi kutoka likizo, kabla hawajagusa daftari, wake watafanya maswali niliyotunga mimi na wangu watafanya aliyotunga yeye, mada zote, zikiwemo nilizoziruka. Karatasi tutabadilishana kusahihisha. Nimeshamtumia yangu kwa WhatsApp. Amenijibu kwamba swali la nne lina viazi, na kwamba hilo halikubali.